Barua ya Benki Isiyotoka Benki

Msikilizaji, kabla sijasema lolote, niruhusu nikusomee barua pepe moja. Ni fupi.

"Ndugu Mteja, tunapenda kukutaarifu kuwa kutokana na maboresho ya mfumo wetu wa huduma za kibenki kwa njia ya mtandao, taarifa za akaunti yako zinatakiwa kuhakikiwa upya. Tafadhali bonyeza kiungo kilichopo hapa chini na ukamilishe uhakiki ndani ya saa 24. Akaunti ambayo haitahakikiwa ndani ya muda huo itasitishwa kwa mujibu wa taratibu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Asante kwa kuendelea kuwa nasi. Kitengo cha Huduma kwa Wateja."

Juu ya barua kuna nembo ya benki, rangi zake zilezile. Chini kuna sanduku la posta, namba ya simu ya huduma kwa wateja, na hata ile tahadhari tuliyoizoea ya kwamba usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Barua hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mazungumzo haya, kwa kuokoteza maneno ambayo benki hupenda kutuandikia. Haikuhitaji utaalamu. Sasa nakuomba uitafute kasoro.

Huioni, kwa sababu haipo. Kiswahili chake kimenyooka, adabu yake ni ya ofisini, na hata ule uzito wa maneno, kuhakikiwa, kusitishwa, kwa mujibu wa taratibu, ndio uleule. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba barua ya tapeli hujulikana kwa makosa ya tahajia na sentensi zilizopinda. Ushauri huo ulikuwa na maana wakati mwizi wa mbali alipokuwa akiandika lugha asiyoijua, anatafsiri kwa mashine, na mashine inamwaibisha. Siku hizi programu za akili mnemba zinaandika Kiswahili ambacho hata mwalimu wa Kiswahili angekipitisha, na nembo ya benki inanakiliwa kutoka kwenye tovuti ya benki yenyewe. Anayengoja kosa la tahajia ndipo ashtuke, atangoja huku akiba yake inaondoka.

Kwa hiyo jioni hii sitahangaika na sura ya barua. Nitauliza maswali mawili tu. Nani ameanza mazungumzo haya, mimi au wao? Na hiki kiungo, hii linki kama wengi tunavyoiita, inanipeleka kwa nani?

Twende kwanza Singapore. Nimeichagua kwa sababu ni nchi ambayo watu wake wamezoea huduma za benki za mtandaoni pengine kuliko sisi sote, na kwa sababu mkasa wao ulichunguzwa hadharani mpaka ukaeleweka.

Ilikuwa Desemba 2021. Wateja wa OCBC, benki kongwe iliyoanzishwa mwaka 1932, walianza kupata ujumbe mfupi kwenye simu zao. Kuna tatizo kwenye akaunti yako, ulisema ujumbe, bonyeza hapa ulitatue. Jina la mtumaji lilikuwa OCBC. Na hapa ndipo palipowaumiza watu. Simu iliuweka ujumbe ule kwenye mfululizo uleule wa ujumbe halali wa benki. Mteja aliyeufungua aliona juu yake ujumbe wa kweli, wa muamala anaoukumbuka, kisha chini yake huu mpya. Tapeli hakuhitaji kujitambulisha, simu ya mteja mwenyewe ndiyo iliyomtambulisha.

Aliyebonyeza alifika kwenye ukurasa uliofanana na wa benki. Akaandika jina lake la kuingilia, akaandika na namba ya siri. Ukurasa ukamwomba namba ya uthibitisho, ile inayotumwa kwenye simu na kutumika mara moja tu. Akaiandika. Upande wa pili, matapeli walikuwa wakipokea kila alichoandika na kukiingiza papo hapo kwenye tovuti ya kweli ya benki. Kwa namba ile ya uthibitisho walisajili simu yao wenyewe kuwa ndiyo simu ya kuidhinisha miamala ya mteja. Kuanzia hapo hawakumhitaji tena. Walipandisha viwango vya kuhamisha fedha, wakazikomba akaunti.

Hesabu ilipofungwa, wateja 790 walikuwa wamepoteza jumla ya dola milioni 13.7 za Singapore. Wapo waliopoteza akiba ya miaka na miaka. Benki iliwarudishia wote, lakini kwa lugha ya hisani, kwamba inalipa kwa nia njema. Nitalirudia hilo la benki baadaye, kwa sababu nina neno nalo.

Kwanza tujiulize, jina la OCBC lilifikaje pale juu? Jibu ni kwamba jina la mtumaji kwenye ujumbe mfupi, kwa mitambo inayotuma ujumbe kwa maelfu ya watu kwa mpigo, lilikuwa neno tu lililoandikwa na mtumaji. Aliyetaka kuandika OCBC aliandika OCBC. Barua pepe nazo zina asili hiyohiyo. Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa na Jon Postel wa Marekani mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti chache ambazo watu wake walijuana. Hapakuwa na sababu ya kumuuliza mtu kitambulisho. Aliyesema anaitwa fulani, aliaminika kuwa ni fulani. Kanuni za kuhakiki zilikuja baadaye sana, na mpaka Februari 2024 ndipo Google na Yahoo walipoanza kuwalazimisha wanaotuma barua kwa wingi kuzifuata.

Zimesaidia, sikatai. Lakini tuelewe zinathibitisha nini. Zinathibitisha kwamba barua imetoka kwenye anwani iliyoandikwa. Hazithibitishi kwamba anwani hiyo ni ya benki. Tapeli aliyenunua anwani yake halali, akaitunza vizuri, anapita bila kusimamishwa. Tena kwenye simu zetu hali ni mbaya zaidi, maana programu nyingi za barua pepe zinaonyesha jina tu, Huduma kwa Wateja, na anwani yenyewe imefichwa mpaka uliguse hilo jina. Liguse. Ukikuta Huduma kwa Wateja wa benki anatumia anwani ya barua pepe ya bure kama ya kwangu na ya kwako, shauri limekwisha.

Sasa linki. Hapa naomba uchukue kalamu, au umwite kijana wa nyumbani asikilize, maana redioni herufi hazionekani na itabidi nizitamke.

Tuseme kuna benki, tuiite Benki ya Mfano. Tovuti yake ni benkimfano, nukta, co, nukta, tz. Benkimfano.co.tz. Tapeli hawezi kulinunua jina hilo kwa sababu lina mwenyewe. Anachofanya ni kununua jina lingine lolote, tuseme uhakiki-wateja.com. Akishalinunua, kanuni za intaneti zinamruhusu kuandika mbele yake, yaani upande wa kushoto, maneno yoyote ayapendayo. Basi anaandika hivi: benkimfano, nukta, co, nukta, tz, nukta, uhakiki-wateja, nukta, com. Benkimfano.co.tz.uhakiki-wateja.com. Jicho linaanza kushoto, linakuta jina la benki limekamilika na tz yake, linatulia. Kwenye simu, kioo ni kidogo, na huenda sehemu ya mwisho isionekane kabisa.

Anwani ya tovuti inasomwa kama jina la mtu. Mtu akiitwa Asha Salim Mwinyi, ukitaka kujua ukoo wake humtazami Asha, unakwenda mwishoni. Asha wako wengi. Kwenye linki, tafuta alama ya kwanza ya mkwaju, ule mstari ulioinama, baada ya ile miwili ya mwanzo iliyofuatana. Simama hapo, kisha rudi nyuma ukielekea kushoto. Utakuta tz, utakuta co, na neno linalofuata ndilo lenye mali. Kama mwisho ni com, neno lililoigusa hiyo com ndilo mmiliki. Maneno yote yaliyo kushoto zaidi ni mapambo, na yaliyo kulia kwa mkwaju nayo ni mapambo. Benkimfano.co.tz.uhakiki-wateja.com ni mali ya uhakiki-wateja.com. Basi.

Angalia pia tofauti ya nukta na kistari. Huduma nukta benkimfano nukta co nukta tz ni ya benki. Benkimfano kistari huduma nukta com ni ya yeyote aliyelipia. Na usijipe moyo kwamba ukiona co.tz au co.ke uko salama. Majina yanayoishia hivyo yanauzwa kwa yeyote anayeyataka, tofauti na yale ya go.tz ambayo ni ya serikali. Mtu anaweza kununua benkimfano-tz.co.tz kesho asubuhi kama hakuna aliyemtangulia.

Kuna wanaocheza na herufi zenyewe. Herufi r na n zikikaribiana huonekana kama m. Herufi I kubwa na l ndogo zinafanana kama mapacha. Sifuri hukaa mahali pa o. Hayo jicho kali laweza kuyaona. Lakini mwaka 2017 mtafiti aitwaye Xudong Zheng alionyesha jambo ambalo jicho haliliwezi kabisa. Alisajili jina kwa herufi za Kisirili, zile wanazoandikia Warusi, ambazo baadhi yake zina umbo lilelile la a, p na e zetu. Kwenye programu za kuperuzi za wakati ule, zikiwemo Chrome na Firefox, jina lile lilisomeka apple.com, herufi kwa herufi, na halikuwa apple.com. Chrome ilirekebishwa mwaka huohuo. Ila jambo limebaki wazi, kwamba kutazama kwa makini kuna mpaka wake.

Ndiyo maana mimi napendekeza sana programu za kutunza nywila, zile zinazokumbuka na kukujazia nywila zako. Watu huzipenda kwa kupunguziwa kazi ya kukumbuka, lakini kwangu sifa yake kubwa ni nyingine. Programu hiyo haitazami nembo wala rangi. Inalinganisha anwani herufi kwa herufi, na ikikuta si ile iliyohifadhi, inakaa kimya, haijazi kitu. Ukiona imekataa kujaza nywila kwenye ukurasa unaoamini ni wa benki yako, usiizunguke kwa kuandika mwenyewe. Imeona usichokiona.

Na kile kikufuli? Nimesikia kwa masikio yangu watu wakifundishana kwamba ukiona kufuli pembeni ya anwani, tovuti ni ya kweli. Si hivyo. Kufuli lilimaanisha kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti ile yamefungwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Halikusema tovuti ni ya nani. Tangu mwaka 2015, shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti vya kufuli hilo bure, jambo jema kwa intaneti nzima, na matapeli nao wakajichukulia. Unaweza kuwa na mazungumzo yaliyofungwa vizuri kabisa na mwizi wako. Google waliliona hilo, na Septemba 2023 wakaliondoa kufuli kwenye Chrome, wakaweka alama nyingine isiyo na ahadi yoyote.

Linki fupi, zile za herufi chache zisizosomeka, pamoja na vile visanduku vya alama nyeusi na nyeupe tunavyovipiga picha, sina mengi ya kusema juu yake. Vinaficha anwani. Kwa habari za benki, usiviguse.

Nije kwenye simu ya kupigiwa, kwa sababu siku hizi barua na linki haviendi peke yake. Mteja anabonyeza, anaandika majina yake na namba ya simu, anasita anapofika kwenye namba ya siri, anafunga ukurasa. Anashukuru Mungu ameponea chupuchupu. Baada ya dakika chache simu inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, naongea kutoka makao makuu ya benki, kitengo cha usalama. Samahani kwa usumbufu. Kuna mtu anajaribu kutoa hela kwenye akaunti yako sasa hivi."

"Jamani! Mungu wangu!"

"Usijali mama, tumemzuia. Kuna namba ya tarakimu sita imeingia kwenye simu yako, nisomee tu tumalize kumfungia."

Sikiliza alivyo na adabu. Ameamkia, ameomba samahani, amemtoa mama hofu aliyomtia mwenyewe. Na namba aliyoiomba ni ile ya uthibitisho, ambayo benki imeituma kwa sababu yeye huyo tapeli, wakati huohuo, anajaribu kuingia kwenye akaunti. Ukisoma ujumbe uliobeba namba hiyo mpaka mwisho, mara nyingi wenyewe umesema usimpe mtu namba hii, hata mfanyakazi wa benki. Lakini mtu aliyeambiwa hela zake zinaondoka hasomi mpaka mwisho. Anasoma tarakimu. Haraka ndiyo silaha yao pekee ya kweli, na ndiyo iliyo ndani ya ile barua niliyokusomea mwanzo, saa 24, akaunti itasitishwa.

Na tusiwacheke waliolizwa. Mlithuania mmoja, Evaldas Rimasauskas, kati ya mwaka 2013 na 2015 alituma barua pepe na ankara za kughushi akijifanya kampuni ya Quanta ya Taiwan, na waliomlipa ni Google na Facebook. Ndiyo, haohao wanaotutengenezea mitambo ya kuzuia barua bandia. Zaidi ya dola milioni 100 za Marekani zilitoka kabla hajakamatwa mwaka 2017, na Desemba 2019 mahakama ya New York ilimhukumu miaka mitano. Kama wahasibu wa makampuni hayo walilipa, mwalimu mstaafu wa Korogwe aliyebonyeza linki hana sababu ya kujificha kwa aibu. Aibu ndiyo inayomfanya anyamaze hadi kesho yake, na kufika kesho yake hela zimeshavuka akaunti tatu.

Zinavukaje? Hapa nataka niseme na vijana. Oktoba 2009, Marekani na Misri kwa pamoja ziliwafungulia mashtaka watu wapatao 100, 53 upande wa Marekani na 47 upande wa Misri. Waliokuwa Misri walituma barua pepe zilizoiga benki, wakavuna namba za akaunti na nywila za wateja wa Bank of America na Wells Fargo. Lakini kupata nywila si kupata hela. Hela za wizi zinahitaji pa kutua. Wale wa Marekani walitafuta watu wa kawaida wa kufungua akaunti, fedha zikaingia humo, zikatolewa, na sehemu ikatumwa Misri. Waliofungua akaunti hawakujua kompyuta kuliko wewe na mimi. Walitoa majina yao tu, wakashtakiwa pamoja na wengine.

Kijana, mtu akikwambia nipe laini yako iliyosajiliwa, au niazime akaunti yako kuna mzigo wa hela unapita, utabaki na kidogo, ujue anatafuta pa kutua. Polisi wakifuata nyayo za fedha, mlango wa kwanza watakaougonga ni wako. Na hapa Tanzania, ambaye hajawahi kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, apige *106# aangalie. Akikuta asiyoijua, aende kwa mtandao husika akaifute.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayogusa kughushi kwa kompyuta, udanganyifu na kujifanya mtu mwingine. Kenya, sheria yao ya mwaka 2018 ililitaja kosa hili la ujumbe na tovuti za kunasa taarifa za watu waziwazi katika kifungu cha 30, na ilipotungwa iliweka faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa maoni yangu sheria zinakuja nyuma ya hela, na hela ikishavuka mpaka, hukumu haimrudishii mtu ada ya mtoto.

Basi barua ikija ufanye nini? Kumbuka lile swali la kwanza, nani ameanza. Kama wao ndio walioanza, iwe barua, ujumbe au simu, wewe usimalizie hapohapo. Iache barua kama ilivyo. Fungua programu ya benki iliyo kwenye simu yako, au andika anwani ya benki mwenyewe kwa mkono, au piga namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako. Kama kweli kuna tatizo, utalikuta humo likikungoja. Kama hakuna, umeshajua. Aliyekupigia akikwambia usikate simu, kata.

Na kama umekwisha bonyeza na kuandika, usingoje kupambazuke. Piga simu benki waizuie akaunti na kadi, badilisha nywila kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, na kama nywila hiyohiyo unaitumia kwenye barua pepe, ibadilishe na huko, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila nyingine zote. Nenda polisi upate namba ya taarifa, benki itaihitaji. Ujumbe mfupi wa kitapeli Tanzania unaripotiwa kwenda 15040. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, ni 333. Ni bure, na namba iliyoripotiwa huweza kufungiwa.

Nimesema nina neno na benki. Ninalo.

Mnatuambia tusibonyeze linki, kisha mnatutumia linki. Tathmini huduma uliyopata leo, bonyeza hapa. Shinda pikipiki, bonyeza hapa. Pakua taarifa ya akaunti yako, bonyeza hapa. Tena linki zenyewe nyingine ni zile fupi zisizosomeka, au ni za kampuni ya matangazo ambayo mteja hajawahi kuisikia. Mteja aliyefundishwa na benki yake kwamba kubonyeza ni jambo la kawaida, atakataaje siku linki ya mwizi itakapofika ikiwa na nembo ileile?

Singapore walilijibu swali hilo. Januari 2022, wiki chache baada ya mkasa wa OCBC, Mamlaka ya Fedha ya nchi ile pamoja na chama cha mabenki walitangaza kwamba barua pepe na ujumbe mfupi kwa wateja wa kawaida havitakuwa tena na linki za kubonyeza. Mtu akitaka kusajili simu mpya ya kuidhinisha miamala, asubiri angalau saa 12, na akiomba kubadilisha namba ya simu au barua pepe, taarifa ipelekwe kwenye ile ya zamani, ili mwenye akaunti apate muda wa kupiga kelele. Mwezi uliofuata OCBC iliwapa wateja namna ya kufunga akaunti zao zote wenyewe, papo hapo, bila kungoja mhudumu. Mei mwaka huohuo mamlaka iliitaka OCBC iweke kando mtaji wa ziada wa takriban dola milioni 330 za Singapore kwa udhaifu wa namna ilivyolishughulikia tukio lile. Kuanzia mwisho wa Januari 2023, ujumbe wenye jina la mtumaji asiyesajiliwa ulianza kufika ukiwa na onyo kwamba huenda ni wa kitapeli. Na Julai 2024 wakatangaza kuanza kuachana na namba za uthibitisho za ujumbe mfupi kwa kuingia kwenye akaunti, kwa wateja ambao tayari wanaidhinisha kwa programu ya simu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka mteja awe mjanja zaidi. Yote yamewekwa mabegani mwa aliye na uwezo wa kuyabeba. Ndivyo inavyopasa. Nimetumia muda mrefu jioni hii kukufundisha kusoma anwani kutoka kulia, na sijutii, lakini bibi yangu anayepokea pensheni yake kwenye simu hawezi kudaiwa ujuzi huo ndipo hela yake iwe salama.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa benki zetu, na Benki Kuu zetu zinazowasimamia. Acheni kututumia linki. Andikeni tu, ingia kwenye programu yako uone ujumbe wetu, na muishie hapo. Wekeni saa za kungoja kabla simu mpya haijaruhusiwa kuhamisha fedha. Tupeni kitufe cha kujifungia akaunti usiku wa manane, wakati ambapo namba zenu za huduma kwa wateja zinatupigia muziki. Benki ambayo imekwisha kufanya hivyo, iwaambie wateja wake kwa sauti, kwamba kuanzia leo ujumbe wowote wenye linki na jina letu si wetu. Sentensi hiyo moja kila mteja ataielewa.